Jinsi ya kumtambua nondo wa viazi hapa Mwanza usimchanganye na wenzake

Nikisema nondo simaanishi zile chuma za kumwagia zege, namaanisha yule mdudu ndugu yake kipepeo anayetembea usiku. Wengi tunamuita kipepeo wa usiku, basi, wote jina moja, awe mdogo wa kwenye unga au yule mkubwa wa kijivu anayeingia ndani mvua za vuli zikianza anagonga balbu puu puu mpaka watoto wanajificha chini ya meza na mtu mzima anavua ndala. Mimi naandika kwa ajili ya huyo mkubwa wa kijivu, ili kabla ndala haijashuka ujue ni nani, maana anahusika na chakula chetu kuliko watu wanavyodhani.

Mama yangu analima viazi vitamu Misungwi, vya kula na vya kukausha michembe. Kuna msimu jirani yetu aliona nondo hawa wengi kwenye taa ya nje, wiki kadhaa mbele akakuta majani yametafunwa, akaenda duka la pembejeo akapewa sumu, akapiga bomba shamba zima mara tatu. Siku ya kuvuna viazi vikatoka na matundu vilevile akasema dawa ilikuwa feki. Labda ilikuwa feki, mi sijui, lakini yale matundu hayakuwa ya mtoto wa nondo hata siku moja. Mtoto wa nondo wa viazi anakula majani tu, kiazi chini hakigusi, anayetoboa kiazi ni fukusi, kadudu kadogo kembamba kama sisimizi mwenye mdomo mrefu. Yule mzee alipigana vita na mtu asiye mwenyewe, na matembele ya familia yakakaa na sumu mwezi mzima. Iliniuma sana, na ndio ilinifanya nianze kuwasoma hawa wadudu mmoja mmoja.

Jina la kitaalamu la huyu nondo wa viazi ni Agrius convolvuli, kwenye vitabu vya zamani utamkuta kama Herse convolvuli, ni yuleyule. Linnaeus, yule msomi wa Sweden aliyepanga majina ya viumbe, ndiye alimuandika mwaka 1758. Anapatikana Afrika nzima, Asia, Australia, na kila mwaka wengine wanaruka kutoka huku kusini wanavuka bahari mpaka Ulaya ya kaskazini ambako baridi yake hawaiwezi kuishi nayo. Kwahiyo huyu unayemkuta kwenye ukuta wa choo cha nje ni msafiri wa kweli.

Hatua ya kwanza ni kujua umtafute saa ngapi na wapi. Mchana ni kazi bure kwa asiye na jicho, maana analala kwenye gome la mti, nguzo, ukuta, na hapa kwetu kwenye mawe, na rangi yake na rangi ya yale mawe makubwa ya Mwanza ni kama vilitoka kiwanda kimoja, kijivu chenye madoa meusi na meupe. Nimewahi kupita karibu na jiwe mara nne nikitafuta nondo niliyekuwa nimeonyeshwa na mtoto, nikamuona alipotikisika.

Mda mzuri ni jua likishazama, saa moja kasoro mpaka saa mbili hivi usiku. Simama karibu na mpapai, hasa mpapai dume ule wenye maua yanayoning'inia kama shanga, kaa kimya usimulike. Utasikia kwanza kabla hujaona, mvumo kama feni ndogo. Alafu utamuona amesimama hewani mbele ya ua, hatui, anapiga mbawa tu, ametoa mrija wake mrefu ameuingiza ndani. Huo mrija ni mrefu kupita mwili wake wote. Watu wakiona hivyo jioni wanasema wameona ndege, chozi, yule mdogo anayenyonya maua. Chozi saa hizo kashalala, na yeye mara nyingi anashika kitawi ndio anyonye. Ukiona kitu kinanyonya kikiwa hewani giza limeshaingia, ni nondo.

Na hapo kwenye mpapai niseme kabisa: mipapai mingi tunayopanda ina dume na jike, chavua lazima itoke kwa dume ifike kwa jike, na wanaofanya hiyo safari ni nondo wa kundi hili. Kenya watafiti walikaa kwenye mashamba ya mapapai wakawaona, na nondo wa viazi ni mmoja wao. Ndio maana sipendi kabisa habari ya kumuua kila anayeingia ndani.

Njia ya pili ni taa. Tundika shuka jeupe ukutani au kwenye kamba, weka balbu nyeupe mbele yake, subiri. Ila kuna mambo mawili ambayo mtu wa mikoa mingine hawezi kukuambia.

Jambo la kwanza ni mwezi. Mbalamwezi ikiwa kubwa nondo hawaji kwenye taa, au wanakuja wachache. Wavuvi wa dagaa wanajua jambo la namna hii kuliko mtu yeyote, usiku wa giza ndio wanaingia ziwani na taa zao, mwezi ukikomaa wanapumzika wanashona nyavu. We fuata ratiba yao, ukiona mwaloni, pale wanapotua wavuvi, kumechangamka jioni watu wanapakia taa na betri, ujue na wewe usiku wako ndio huo.

La pili ni wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi wa kiwanda. Nao mara nyingi wanatoka mwezi unapoandama, yaani usiku uleule unaoutaka. Ukiwasha taa jirani na maji, tuseme Kirumba au Luchelele karibu na mwambao, ndani ya nusu saa shuka limekuwa jeusi, wamekuingia puani na masikioni, na nondo hata akija humuoni. Sogea juu, upande wa pili wa kilima, au nenda mbali na maji kama Buhongwa, Kisesa, Usagara huko. Upepo ukiwa unavuma kutoka ziwani kuja kwako ahirisha.

Sasa amekuja ametua kwenye shuka. Usimshike. Ule unga wa mbawa zake sio sumu, nasema hivi maana nimekua naambiwa ukikuingia machoni unapofuka, ni magamba madogo madogo tu ndiyo yanayomchora rangi. Tatizo ukimshika unamfuta, na mchoro ukishafutika hata wewe utashindwa kumtambua. Piga picha tatu kwa simu: moja kutoka juu, moja kutoka ubavuni, moja ya karibu ya kichwa. Usikuze picha kwa zumu ya simu, sogea wewe. Zima flashi, mulika kwa tochi ya pembeni, flashi inamfanya aonekane mweupe. Weka kiberiti pembeni yake ili baadae ujue ukubwa, maana kwenye picha kila nondo anaonekana mkubwa. Kiberiti cha kawaida ni sentimita 5 hivi, huyu mbawa zikiwa zimetandazwa ni kama sentimita 8 mpaka 10, yaani viberiti viwili.

Ukiona ameanza kutetemesha mbawa bila kuruka usidhani anakufa au ana hasira. Anapasha misuli joto, hawezi kuruka ikiwa imepoa. Una dakika moja mbili za kumaliza picha zako.

Swali la kwanza la kujiuliza ni kama kweli yuko kwenye kundi lake. Kundi hili wataalamu wanaliita Sphingidae, mwili wake mnene katikati na umechongoka nyuma, kama kidole gumba kilichochongwa na kisu, na mbawa za mbele ni ndefu nyembamba zimelala kwa nyuma kama za ndege za kivita. Vipapasio vyake viwili vya kichwani ni vinene, vimejipinda kidogo kwenye ncha. Kama mdudu wako ana mbawa pana kama kiganja, zina duara kama macho, na vipapasio vyake ni kama unyoya, huyo ni kundi jingine kabisa, na huyo akishakuwa mkubwa hali chochote, hana hata mdomo wa kulia. Mwache.

Sasa tumbo. Hapa ndio penyewe na ndipo watu wote wanakosea, sababu kila mtu anaangalia mbawa za mbele, na mbawa za mbele za hawa wakubwa zinafanana mno, kijivu, kahawia, mistari iliyopindapinda, zimetengenezwa kwa ajili ya kujificha. Ukweli wake uko chini ya mbawa. Chukua unyasi, sukuma ubawa wa mbele taratibu uende mbele kidogo, au subiri aanze kutetemeka mwenyewe atafunua. Nondo wa viazi tumbo lake lina pingili za pinki na nyeusi pembeni, kulia na kushoto, na katikati ya mgongo umepita mstari mpana wa kijivu kutoka mwanzo hadi mwisho. Pinki, nyeusi, pinki, nyeusi, kama kitenge. Mbawa za nyuma ni kijivu zenye mikanda myeusi, hazina njano hata tone.

Aliyezeeka pinki inafifia inakuwa kama nyama iliyochemshwa, ila ukimulika kwa pembeni bado utaiona. Ukiona pinki na nyeusi, mstari wa kijivu katikati, na mrija mrefu ajabu, umemaliza, ni yeye.

Ukiona njano, umekutana na mtu mwingine, na hapo kuna wawili.

Mmoja ni yule mwenye fuvu, Acherontia atropos. Huyu ni mzito kuliko wote, mbawa zinaweza kufika sentimita 12 na zaidi kidogo, mbele ni kahawia karibu na nyeusi, nyuma ni njano yenye mikanda miwili myeusi, tumbo njano lenye pingili nyeusi, na mgongoni juu ya kifua ana alama kama uso wa fuvu la mtu. Ukimgusa analia, sauti nyembamba kama ya panya. Najua akiingia nyumbani usiku watu wanasema ametumwa, na mimi bibi yangu alikuwa anamfukuza na moshi. Ndugu zangu, huyu mdudu amekuja kutafuta asali. Mrija wake ni mfupi mnene, maua marefu hayawezi, kwahiyo anaingia kwenye mizinga ya nyuki, anatoboa nta ananyonya, na mwili wake una harufu inayofanana na ya nyuki wenyewe ndio maana hawamshambulii sana. Ukiwa na mzinga jirani au mapango ya nyuki kwenye mawe, utamuona. Halii kwa sababu ya mtu kufa, analia kwa kusukuma hewa kwenye huo mrija wake mfupi. Mrija ndio tofauti ya haraka kuliko hata fuvu, maana fuvu likichakaa linafanana na madoa tu: huyu mfupi, wa viazi mrefu.

Wa pili ndiye anayenisumbua hata mimi mpaka leo, Coelonia fulvinotata. Ukimuona amelala mbawa zimefungwa utaapa ni nondo wa viazi, kijivu na kahawia ileile, ukubwa uleule karibu, mrija nao mrefu. Picha ya kutoka juu peke yake haitakusaidia hata ukiipeleka kwa profesa. Fungua ubawa: wa nyuma una njano kwenye shina lake, na pembeni mwa tumbo palipotakiwa kuwa na pinki pana mabaka ya njano. Yeye anapenda zaidi sehemu zenye miti mingi na vichaka vya kijani kuliko mashamba yaliyo wazi, lakini hiyo isiwe ndio hukumu yako, hukumu ni njano. Kama huna picha iliyoonyesha tumbo au ubawa wa nyuma andika tu "mkubwa wa kijivu" uache hapo, ni heri hivyo kuliko kuandika jina la uongo.

Wengine ni rahisi. Mwenye rangi za kijani na pinki zilizochanganyika kama marumaru ni Daphnis nerii, watoto wake wanakula yale maua ya mapambo yenye utomvu wa sumu. Mdogo kidogo, kahawia, mwenye mstari mmoja mweupe wa fedha unaokimbia mpaka kwenye ncha ya ubawa wa mbele, na nyuma wekundu wa pinki, ni Hippotion celerio. Huyu mwisho mkumbuke jina maana tunakutana naye tena kwenye matuta sasa hivi.

Kumjua mtoto wake shambani

Kwa mkulima hii sehemu ina faida kuliko ya taa. Asubuhi pita kwenye matuta usiangalie majani kwanza, angalia chini. Mavi ya kiwavi huyu ni makubwa, meusi, kama punje za mtama zilizochongwa, ukiyakuta mabichi juu ya jani au kwenye udongo basi mwenyewe yuko juu yake hapohapo. Akishakomaa anafika sentimita 9 hivi, mnene kama kidole, na nyuma ana pembe moja iliyojikunja. Pembe haichomi, haina sumu, watoto wafundishwe hivyo. Rangi isikuchanganye, wengine ni kijani, wengine kahawia, wengine karibu weusi, wote mama mmoja. Tazama mistari ya mshazari pembeni mwa mwili, mmoja kwa kila pingili.

Kwenye matembele hayohayo utamkuta pia mtoto wa Hippotion, yule wa mstari wa fedha. Naye ana pembe, ila nyuma kidogo ya kichwa ana madoa mawili makubwa kama macho, kila upande moja, na akiguswa anavimbisha pale anafanana na kichwa cha nyoka. Macho hayo wa nondo wa viazi hana. Huyu wa macho anakula na magimbi, kwahiyo kama una magimbi bondeni kacheki na huko.

Wa tatu sio nondo kabisa, ni mtoto wa kipepeo mdogo wa rangi ya chungwa, Acraea acerata. Viwavi vyake ni vidogo, vyeusi vya kijani, vina miiba laini mwili mzima, na vikiwa vichanga vinakaa kundi ndani ya utando kama wa buibui vikikwangua jani. Pembe hakuna. Hawa ndio wanaweza kufyeka shamba kweli kiangazi, na dawa yake ni kuchuma lile jani lenye utando likiwa na kundi zima ukalifukia au kulichoma, sio kuhangaika na kimoja kimoja.

Wa nondo wa viazi wako mmojammoja maana mayai yake anataga moja hapa moja pale. Kwa eka moja ya mama tunaokota kwa mkono, asubuhi mbili tatu, tunawapa kuku. Majani yaliyoliwa kiasi yanarudi yenyewe kama marando yameshashika. Sumu mimi nimeiacha, hasa kwa sababu matembele tunakula.

Kuhusu mwenye fuvu, mtoto wake mtafute kwenye mbilingani, viazi mviringo au tumbaku. Ni mkubwa kuliko wote, anafika sentimita 12, na pembe yake ina vinundunundu kama imenyunyiziwa mchanga. Ya nondo wa viazi ni laini.

Kiwavi akikomaa anashuka anaingia ardhini anageuka pupa, ndio kile kitu cha kahawia nyekundu kinachong'aa kama kimepakwa vanishi, unakitoa na jembe wakati wa kupasua matuta na kinatikisa mkia. Hapa hakuna cha kubahatisha kabisa: pupa ya nondo wa viazi mbele ina kitu kama mkono wa jagi, kimetoka kimejikunja kikarudi kifuani. Huo ndio mfuko wa ule mrija mrefu, haukutosha ndani ya mwili ikabidi utoke nje. Ya mwenye fuvu haina mkono huo, ni laini mbele. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuitambua, nimejaribu na wa kwetu.

Ukitaka kuhakikisha kila kitu kwa macho yako, ichukue hiyo pupa. Tafuta ndoo ndogo au kopo kubwa, jaza udongo wenye unyevu kidogo usiwe tope, ilaze juu ufunike na udongo laini nusu kiganja, funga mdomo wa kopo kwa kipande cha neti. Nyunyiza maji matone machache kila baada ya siku mbili. Msimu wa mvua wiki mbili tatu hivi anatoka, kiangazi anaweza kukaa zaidi, usimfukue kumchungulia.

Ila chomeka kijiti kirefu chenye gome ndani ya kopo tangu siku ya kwanza. Akitoka mbawa zake ni ndogo zimekunjamana kama karatasi iliyolowa, lazima apande sehemu aning'inie zijaze na zinyooke, akikosa pa kupanda zinakaukia hivyohivyo zimejikunja na hataruka kamwe. Wa kwangu wa kwanza niliwapoteza wawili kwa kukosa kijiti. Mara nyingi utamkuta usiku ameshika kijiti ametulia, hapo ndio mda wa kumulika tumbo taratibu uone ile pinki ikiwa mpya kabisa, alafu toa neti, zima taa ya chumba, fungua dirisha la upande wa mipapai.